Abiria wa Tano

Mtu yule alikuja anakimbia, mguu mmoja una kiatu na mwingine mtupu. Damu ilikuwa imemtoka sikioni ikateremka shingoni mpaka kwenye kola ya shati lake la kaki. Ilikuwa saa nne asubuhi. Magari saba ya kijiwe cha teksi cha Misuna, mjini Singida, yalikuwa yamepangwa chini ya paa la bati kama siku zote, na la mbele kabisa lilikuwa la Mwantumu.

Mwantumu alikuwa amekaa kwenye usukani, mlango wazi, anamenya kiazi kitamu cha kuchemsha alichotoka nacho nyumbani kimefungwa kwenye kitambaa cha maua. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye mgongo mpana wa mtu aliyelima sana kabla hajashika usukani.

"Mama, hospitali," mtu yule akasema. Alishika mlango, na vidole vyake vikaacha alama nyekundu kwenye rangi nyeupe. "Nakuomba. Wako nyuma yangu."

"Nani?"

"Walinzi wa visima. Usiku nimewafungulia watu koki ya Kisima cha Tisa wachote maji bila kulipa. Mimi ni fundi wa pale, naitwa Elibariki. Nitalala chini kabisa, mama, hawataniona."

Mwantumu akatazama barabara ya sokoni. Hakuona mtu, ila alisikia mbwa wakibweka, wa nyumba moja kwanza, halafu wa nyumba ya pili, kama wanavyofanya watu wengi wanapopita kwa haraka. Walinzi wa visima aliwajua. Mwaka uliopita walimvunja magoti yote mawili dereva wa Mandewa, kwa kosa la kumbeba mtu waliyekuwa wanamtafuta.

Kibao cha shaba kilikuwa pale ambapo magari ya zamani yalikuwa na gia. Akaweka kiganja cha kushoto juu yake.

"Nakataa," akasema.

Mizani, mashine iliyokuwa ndani ya kibao, ilisubiri kidogo. Ndivyo ilivyokuwa kazi yake. Ilisikiliza mapigo ya moyo kupitia kiganja, ikapima jasho, ikapima joto la ngozi. Halafu ile sauti yake, ya mwanamke mtulivu aliyeshiba, ikatoka juu ya kioo: "Hofu ni ya kweli. Kukataa kumepokelewa."

Elibariki akauachia mlango. Alienda gari la pili, la Mzee Kijanga, aliyekuwa mkubwa wa kijiwe.

"Pole, mwanangu," Mzee Kijanga akamwambia kupitia dirishani, na kweli uso wake ulikuwa na huruma. "Hapa akikataa mmoja tumekataa wote. Ndiyo mila ya kijiwe."

"Lakini wewe hujakataa, mzee."

"Nimeshakataa. Yule wa mbele akikataa, nami nimekataa."

Akaenda la tatu. La nne. Mwantumu alimwona kwenye kioo cha pembeni akipita mlango kwa mlango, na kila alipopita dirisha lilipandishwa. Kwenye gari la saba alisimama, akajishika kiuno kama mtu aliyechomwa na kichomi, kisha akakimbilia uchochoro wa mafundi baiskeli.

Kiazi kilikuwa bado mkononi mwa Mwantumu. Akakifunga tena kwenye kitambaa.

*

"Usijisumbue, Mwantumu," Mzee Kijanga akasema, amekuja kuegemea boneti. "Mizani yenyewe imekubali. Wewe nani hata uibishie?"

"Sijabisha."

"Basi kula kiazi chako. Au nipe mimi, maana mke wangu siku hizi ananipikia uji kama mzazi."

Hakucheka. Mzee Kijanga akacheka kwa niaba ya wote wawili, akarudi garini kwake.

Haki ile ya kukataa haikuokotwa njiani. Miaka kumi na moja nyuma, kabla ya Mizani, dereva alilazimishwa kumbeba yeyote aliyesimamisha gari, na milango ilijifunga yenyewe mpaka nauli ilipwe. Madereva tisa waliuawa mwaka mmoja. Wa sita alikuwa Athumani, mdogo wake Mwantumu, kijana mpole aliyependa kupaka gari lake mafuta ya nazi kwenye matairi yang'ae. Watu sita walijibana kwenye gari la watu wanne, wakamnyonga kwa mkanda wa suruali, naye alikutwa kucha zimebaki kwenye kioo cha mlango uliojifunga.

Madereva wakagoma. Waliziba barabara ya Dodoma kwa magari yao wenyewe, wakayachoma moto. Walipigwa risasi, wakarudi. Mwishowe serikali ikakubali, na wataalamu wakaleta Mizani, iliyofundishwa kwa mioyo ya madereva elfu kumi. Dereva anayeogopa, anaruhusiwa kukataa. Dereva anayekataa kwa dharau, kwa ukabila, au kwa sababu abiria ana mzigo wa samaki, Mizani humgundua, na bangili ya chuma hutoka kwenye kibao ikamshika mkono, gari likajiendesha lenyewe mpaka anakotaka abiria. Milango nayo ilibadilishwa. Mkono wa dereva ukitoka kwenye kibao gari lina watu, gari linasimama na milango yote inafunguka, haifungwi na mtu.

Na kwa kuwa ni makundi yaliyoua, kundi likawekewa sheria yake. Abiria wakizidi wanne wanalipa ziada, dereva anapewa haki ya king'ora: akikataa kundi, na Mizani ikikubali, gari linapiga kelele mpaka polisi waje. Na yule wa tano lazima atamke mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba amekubali kubanwa. Asipotamka, gari haliondoki.

Mwantumu aliisimamia sheria hiyo tangu ilipoanza. Alikuwa amekataa watu kumi na wanne tu katika miaka yote hiyo, na kila mmoja alimkumbuka sura.

Huyu wa leo alikuwa wa kumi na tano.

*

Haikupita nusu saa wakaja. Walikuwa wanne, wamevaa viatu vya mpira vya rangi ya machungwa ambavyo walinzi wa visima huvaa, na katikati yao walikuwa wanaburuta kitu. Mwantumu alikiona kiatu kimoja kwanza, ndipo akajua ni nani.

Elibariki alikuwa bado mzima. Pua yake ilikuwa imelalia upande, na jicho la kushoto limefunikwa na uvimbe.

Mkubwa wao aliitwa Nkuwi, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti laini ya mtu anayesoma matangazo ya misiba. Alikuwa na panga jipya, bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini.

"Shikamoo mama," akasema.

Mwantumu akalitazama panga.

"Akina mama wa sokoni wametutobolea matairi. Sasa tunaomba utupeleke Kisima cha Tisa. Tuko watano. Ziada tunalipa, sisi si wahuni."

"Huyo mnampeleka kufanya nini?"

"Kuziba koki aliyoifungua." Wenzake wakacheka. Nkuwi akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Mwantumu. "Najua una king'ora, mama. Polisi wakitoka kituoni mpaka hapa ni robo saa. Kumkata mtu ni dakika moja. Ukikataa, tunamalizia hapa hapa nyuma ya bati, wewe utafagia. Sawa?"

Mkono wa Mwantumu ulikuwa tayari juu ya kibao. Ulikuwa baridi. Angesema neno moja tu, Mizani ingelipokea bila kufikiri mara mbili. Angekuwa salama, na sheria ingekuwa upande wake kama asubuhi. Akamtazama Elibariki. Elibariki alikuwa anatazama chini, kwenye mguu wake usio na kiatu.

"Ingieni," Mwantumu akasema.

Nyuma yake alimsikia Mzee Kijanga akiguna.

Nkuwi akakaa mbele, panga mapajani. Watatu wakaingia nyuma, wakamlaza Elibariki juu ya magoti yao kama gunia. Milango ikafungwa. Gari likajaa harufu ya jasho na damu na mpira mpya.

"Abiria watano," Mizani ikasema. "Kuna ziada. Abiria wa tano, unakubali kubanwa?"

Mwantumu akakitazama kioo cha katikati. Jicho zima la Elibariki lilikuwa kwenye kioo hicho hicho, likimtazama. Mwantumu akatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

Elibariki akafunga mdomo.

"Abiria wa tano, unakubali kubanwa?"

"Amekubali," Nkuwi akasema.

"Sauti siyo yake," Mizani ikasema.

"Mashine yenu ina adabu mbaya," Nkuwi akasema, halafu akageuka nyuma. "Mfundisheni kusema."

Yule aliyekaa katikati, mwenye ndevu, akampiga Elibariki ngumi ya kinywa. Jino likaruka, likagonga kioo cha nyuma, likaanguka. Hakusema. Akapigwa tena, na tena, kiwiko kwenye mbavu, sauti yake kama kuni mbichi zinavyovunjwa. Mlinzi mwingine alimshika kidole kidogo cha mkono, akakikunja nyuma taratibu, bila haraka, huku akimtazama usoni, mpaka kikalia. Elibariki alipiga ukelele, lakini ukelele si neno, na Mizani ikauliza tena kwa upole ule ule: "Abiria wa tano, unakubali kubanwa?"

Hapo Mwantumu akaona alichokifanya. Alidhani amemwekea yule mtu mlango wa kutokea. Kumbe amemwekea nyundo. Kila alivyokaa kimya kwa kumtii yeye, ndivyo alivyovunjwa. Huko nje madereva sita walikuwa wamesimama kando ya magari yao, mikono imekunjwa, hakuna aliyekohoa.

Kidole cha pili kikalia.

"Nakataa!" Mwantumu akapiga kelele, kiganja kimekandamiza shaba. "Nakataa kundi! Shukeni wote garini mwangu, mbwa nyie! Shukeni!"

Alisubiri king'ora. Alikisubiri kwa mwili mzima.

Kumbe mkono ule uliokuwa baridi ulikuwa umeshapata moto. Moyo ulikuwa unakimbia, lakini haukuwa unakimbia kama wa mtu anayetafuta pa kujificha. Wataalamu walikuwa wameifundisha Mizani vizuri sana. Hofu hupoza kiganja, hasira hukichemsha, na hapo haikosei.

"Hofu haikuonekana," Mizani ikasema. "Imeonekana hasira. Hasira si sababu. Kukataa hakukupokelewa."

Bangili ikatoka pande zote mbili za kibao, ikagongana juu ya kifundo cha mkono wake, ikafunga.

Nkuwi alimtazama kwa mshangao wa kweli, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. "Ee mama! Mdudu wenu mwenyewe kawageuka." Akaweka makali ya panga juu ya vidole vya Mwantumu, vilivyolala wazi juu ya shaba, havina pa kukimbilia. "Wewe, fundi wa koki. Tazama huku. Wewe unajifanya chuma, si ndiyo? Haya. Usiposema, nakata hivi vya bibi yako. Naanza na hiki."

Karatasi ya dukani kwenye mpini ilikuwa inapepea kwa upepo wa kiyoyozi. Mwantumu alimtazama Elibariki kwenye kioo na akatikisa kichwa tena, safari hii kwa nguvu, bila kujificha.

"Usiseme," akasema. "Usiseme, baba. Viache vikatwe."

Elibariki akameza damu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ikabidi aanze neno mara mbili.

"Nakubali," akasema.

"Asante," Mizani ikasema. Gari likaondoka.

*

Kutoka Misuna mpaka Kisima cha Tisa ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Mwantumu alikuwa ameshaipita njia hiyo mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na sasa alikaa kwenye kiti chake mwenyewe kama mgeni, usukani ukijizungusha mbele ya kifua chake.

"Unamjua?" Nkuwi akamuuliza, kwa sauti ya mazungumzo.

"Simjui."

"Mbona mnaoneana huruma?"

"Alikuja asubuhi nikamkataa."

"Ulifanya vizuri. Ungemchukua tungekuvunja." Akawaza kidogo. "Kwa nini alisema, sasa? Vidole vya mtu aliyemkataa vinamhusu nini?"

Mwantumu naye alikuwa anajiuliza swali hilo tangu gari liondoke.

Kwenye kioo cha pembeni aliona magari meupe. La kwanza lilikuwa la Mzee Kijanga, na nyuma yake mengine matano, yamewasha taa mchana kweupe, yanafuata kwa mbali kama watu wanaosindikiza maiti. Hayakusogea karibu.

Mbele kulikuwa na mnada wa alizeti. Siku ya Alhamisi kama hii watu hujaa pale mpaka wanaimwagikia barabara, na kuna tuta kubwa la kupunguza mwendo, refu kama kaburi. Wengi wa watu wale walitoka vijiji vya Kisima cha Tisa. Ndio waliochota maji usiku.

Mwantumu akaitazama bangili. Ilimshika kifundo barabara, lakini ilipimwa kwa mkono wa mwanamume. Nafasi ilikuwepo, ndogo, ya upana wa kijiti cha kibiriti. Kizuizi kilikuwa kidole gumba.

Akakikunja ndani ya kiganja. Akapandisha goti la kushoto, akalikandamiza juu ya fundo la kidole gumba, kama mtu anayevunja muwa.

"Unafanya nini wewe?" Nkuwi akasema.

Gari likapanda tuta. Mwantumu akaachia uzito wake wote juu ya goti, akasikia fundo likiachana, akavuta. Ngozi ya mgongo wa mkono ikabaki kwenye chuma kama ganda la ndizi. Maumivu yalikuja baadaye kidogo. Kwanza ilikuja baridi, halafu mkono ukatoka.

"Hakuna dereva," Mizani ikasema.

Breki zikakamata. Nkuwi akarushwa, paji la uso likakutana na kioo cha mbele, kioo kikaota utando kama wa buibui. Milango yote minne ikafunguka kwa pamoja, na kelele za mnada zikaingia.

"Ni Elibariki!" Mwantumu akapiga kelele. Mkono wake ulikuwa unamwaga damu juu ya gauni. "Fundi wa maji! Wanaenda kumuua! Elibariki wa koki!"

Kwa muda wa pumzi moja watu walitazama tu. Waliona viatu vya machungwa. Waliona kilichokuwa juu ya magoti.

Mwanamke mmoja mnene, mwenye ungo wa alizeti mkononi, aliutua chini vizuri ili usimwagike. Halafu akaokota nondo iliyokuwa imeshikilia turubai lake.

Yule wa ndevu alitolewa nje kwa ndevu zenyewe. Mwantumu hakuona alichofanyiwa, aliona tu miguu yake ikipiga vumbi, kiatu kimoja kikatoka, kisha miguu ikaacha. Mwingine alikimbia hatua kama ishirini kati ya magunia, akakwaa kamba ya mbuzi, na mawe yakamkuta chini. Wa tatu hakwenda mbali. Nkuwi alishuka akiwa na panga, damu imemziba macho, akalizungusha hewani, akamkata mzee mmoja mkononi. Akageuka kumtafuta Mwantumu, akamwona, akaja, na panga likashuka likakwama kwenye ukingo wa mlango. Alikuwa analivuta pale nondo ilipompata kwenye kiwiko. Mkono ukaning'inia upande usio wake. Hakulia. Alionekana kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ya pili ilimpata kichwani, na sauti yake ya matangazo ya misiba haikusikika tena.

Mwantumu alitambaa mpaka kiti cha nyuma. Alimfunika Elibariki kwa mwili wake, kwa sababu mawe hayana macho.

*

Madereva walimhamishia Elibariki kwenye gari la Mzee Kijanga. Mwantumu akakaa nyuma naye, kichwa cha Elibariki mapajani, mkono wake mwenyewe ameuzungushia kile kitambaa cha maua, ambacho hakikuwa tena na rangi ya kujulikana. Elibariki alikuwa mwepesi. Fundi wa maji, na mwili wake wote ni mifupa na kiu.

Alikuwa anapumua kwa mlio, kama mlango wa zizi.

Mzee Kijanga aliendesha kwa kasi mpaka walipoona geti la hospitali. Zilibaki hatua kama hamsini hivi, njia imenyooka, mawe meupe pande zote. Hapo akapunguza mwendo, akaegesha kando, akaacha mkono wake kwenye kibao ili milango isifunguke. Magari matano ya nyuma nayo yakasimama.

"Kuna nini?" Mwantumu akauliza.

"Tusawazishe maneno kwanza."

"Maneno gani? Mzee Kijanga, huyu mtu anakufa."

"Dakika moja tu, dada yangu. Nisikilize." Akageuka nyuma kumtazama. "Mizani ya gari lako imeandika. Kabla ya jioni wakubwa watasoma: dereva alikataa kundi, hofu haikuonekana, ilionekana hasira, kisha akang'oa mkono, watu wanne wakauawa. Watakuuliza. Useme mashine ilikosea, wewe uliogopa. Sisi sita tutashuhudia kwamba ulikuwa unatetemeka. Yaishie hapo."

"Sikuogopa."

"Najua!" Akapiga usukani. "Na ukilisema hilo, watasema nini? Watasema madereva wanakataa watu kwa hasira zao. Watatunyang'anya haki ya kukataa, king'ora watakitoa, ile ya mtu wa tano wataifuta. Tutarudi kufungiwa milango. Athumani, mdogo wako, alikufa kwa ajili ya haki hiyo, Mwantumu. Tulichoma magari yetu. Utaifuta kwa neno moja?"

Maneno yale yalikuwa ya kweli, kila moja. Mwantumu alizikumbuka kucha kwenye kioo.

"Na ya asubuhi je?" akauliza.

"Ya asubuhi haina shida. Ya asubuhi ilikuwa halali kabisa."

"Ndiyo inayoniuma."

"Inayokuuma ni mkono."

"Asubuhi alikuwa anatembea, Mzee Kijanga. Alikuja kwa miguu yake mpaka mlangoni kwangu. Niliogopa, kweli niliogopa, na mashine ikanipongeza, nanyi mkapandisha vioo. Saba sisi. Sasa unataka niende kusema niliogopa mara mbili."

"Nataka tupone sote."

"Endesha."

"Sema kwanza utasema nini."

"Nitasema ilivyokuwa. Wakiifuta haki, tutagoma tena, nitalichoma langu la kwanza. Endesha."

Mzee Kijanga alifumba macho. Mkono wake haukusogea kwenye kibao, na gari halikuondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na kama angesema neno lile, Mizani ingelipokea.

Mlio wa pumzi ya Elibariki ukakatika. Mwantumu akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ukarudi.

Hakusubiri zaidi. Alijisogeza mbele, akaukamata mkono wa Mzee Kijanga kwa mkono wake wa kulia, akaung'oa kwenye shaba kama mtu anayeng'oa mhogo. Milango ikafunguka.

Alishuka. Alivua kitenge kiunoni, akainama na mgongo wake kwenye mlango, akamvuta Elibariki mpaka kifua chake kikalala mgongoni. Akapitisha kitenge chini ya makalio yake na juu ya kwapa, akavuta ncha zote mbili mbele, moja kwa mkono wa kulia, nyingine kwa meno. Ndivyo alivyowabeba watoto wake wanne na wajukuu watatu. Hakuwahi kumbeba mtu mzima.

"Mwantumu," Mzee Kijanga akaita. "Mwantumu, rudi. Nakupeleka. Basi, nakupeleka!"

Mwantumu alikuwa ameshapiga hatua tano. Miguu ya Elibariki ilikuwa inaburuza chini, kiatu kimoja kinachora mstari, cha pili hakipo. Pumzi yake ilimpiga shingoni, ya moto, ikapotea, ikaja. Kila ilipopotea Mwantumu alisimama, na kila ilipokuja akapiga hatua. Mkono wake wa kushoto ulining'inia ukidondosha damu kwenye mawe meupe. Nyuma yake alisikia mlango wa gari ukipigwa, kisha mwingine, na viatu vya watu wakimkimbilia, lakini hakugeuka kuona ni wangapi.

Mlinzi wa geti alikuwa na daftari kubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Aliwatazama, akasimama, kisha mazoea yakamshinda akafungua ukurasa.

"Mmekuja na gari gani, mama? Namba?"

Mwantumu alikuwa na kitenge mdomoni. Alikitema, na uzito wote ukahamia mkono mmoja.

"Hakuna gari," akasema. "Fungua."